Visiki vya Mto Tay



Ndugu wasomaji, mwezi wa Juni uliopita nilifunga safari kutoka London kwenda Dundee, mji ulioko mashariki ya Uskoti, kumtazama mwana wa dada yangu. Kijana huyo alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi ujenzi, na kwa wiki tatu mama yake alikuwa akimpigia simu asimpate, ila huletewa maandishi mafupi: "Mzima, mama. Nina shughuli." Mama mtu hakuridhika. Akaniambia, "Kaka, umesomesha watoto wa watu umri wako wote, nenda kanitazamie wangu." Naandika haya kwa idhini ya wote wawili, kwani huenda yakamfaa mzazi mwengine.

Safari ya gari la moshi ni ya muda wa saa 6 hivi. Baada ya Edinburgh, abiria huvuka ghuba ya Forth juu ya daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1890. Limejengwa kwa feleji, na sehemu zake mbili kubwa kila moja hupita mita 521 juu ya maji pasi na nguzo. Kisha hufuata mashamba ya Fife, hata kufika Wormit, ambapo reli hupinda na kuingia juu ya Mto Tay. Hapo mto una upana wa karibu maili 2.

Nilikuwa nimekaa upande wa kulia. Nilipotazama chini niliona vichwa vya nguzo vikichungulia majini, kimoja baada ya chengine, vimefuatana na daraja letu toka ng'ambo hata ng'ambo, wala havikubeba kitu. Vilikuwa mithili ya visiki vya msitu uliokatwa. Nikajiuliza ni vya nini.

Kijana alinilaki stesheni, akanibusu mkono. Alikuwa amekonda.

"Karibu, mjomba. Mama ndiye aliyekutuma?"

"Mama yako, na mapenzi yake."

Tuliswali adhuhuri, kisha tukateremka hadi ufukoni, karibu na daraja. Hapo pana mnara wa kumbukumbu uliowekwa mwaka 2013, wenye majina ya watu 59. Nilimwuliza habari ya visiki vile, naye alipoanza kunieleza, uchangamfu wake ukamrudia.

Daraja la kwanza la Tay lilifunguliwa mwaka 1878. Malkia Victoria alilivuka mwaka uliofuata, na mhandisi wake, Thomas Bouch, akatunukiwa heshima ya kuitwa Sir. Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Desemba 1879, ilivuma dhoruba kali. Sehemu ya katikati, iliyoinuliwa juu ili merikebu zipite chini yake, ilianguka mtoni pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita. Hakuna abiria aliyesalimika. Waliothibitishwa kwa majina ni hao 59, na wengi hukadiria kwamba waliokufa walifika 75.

"Sababu yake nini?" nilimwuliza, kama nilivyozoea kuuliza darasani.

"Nguzo zilikuwa za chuma cha kusubu, mjomba. Chuma hicho huvumilia kubanwa, lakini kuvutwa hakivumilii. Upepo ukisukuma ubavuni, upande mmoja hubanwa na wa pili huvutwa. Na upepo haukutiwa katika hesabu ya daraja lile."

Akaendelea kunieleza kwamba katika kiwanda kilichosubu nguzo, matundu ya chuma yalizibwa kwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, vumbi la chuma na masizi, hata yakafanana na chuma kizima. Kisha akanyamaza kidogo.

"Na kuna jambo jengine. Mkaguzi wa daraja alisikia vyuma vya mshazari vikigongana. Vilikuwa vimelegea. Akachomeka vipande vya chuma mahali palipolegea, asimwarifu mhandisi."

Tukakaa kimya, tukiutazama mto.

"Mjomba, na mimi nimefanya vivyo hivyo."

Ndipo aliponieleza. Katika mtihani wa nguvu za majengo alikuwa amepata alama 31 katika 100. Alikuwa akifikiria kuacha masomo na kwenda kusambaza vyakula kwa baiskeli. Kilichomfunga ulimi hakikuwa alama zile. "Mama kila akinipigia husema, injinia wangu hajambo? Harusini aliwaambia watu wote. Ningemjibu nini?"

Nilimwuliza alikosea wapi. Hakuzungukazunguka. Alikuwa amekariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Safari hii swali lilichora jengo linalosukumwa kutoka ubavuni, na yeye hakujua aanzie wapi, maana alichokuwa amekihifadhi ni mizigo inayotoka juu. Wasomaji wangu, nilitahayari. Katika miaka yangu ya ualimu nimewazawadia watoto wengi kwa kukariri.

Nikamtaka anieleze masomo yao, nami niwe mwanafunzi. Huko Uskoti shahada hii yenye daraja la heshima huchukua miaka 4. Husoma hesabu, tabia za udongo, mwendo wa maji, upimaji wa ardhi, na jinsi mihimili inavyobeba mizigo. Katika maabara hufinyanga michemraba ya zege, wakaiacha ikomae siku 28, kisha huitia katika mashine na kuiponda mpaka ipasuke.

"Mbona mwaharibu kazi yenu?" nilimwuliza.

"Ili tujue itavunjika kwa uzito gani, mjomba. Afadhali ivunjike hapa."

"Basi na mtihani wako ndio huo mchemraba," nikamwambia. "Umepasuka mahali pasipokuwa na mtu chini yake."

Sisi tuliotoka Mombasa hatuhitaji kufundishwa uzito wa neno hilo. Tunaikumbuka feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994, ikaangamiza zaidi ya watu 250. Kijana huyu alipokuwa mdogo tulimpeleka kwa bibi yake Likoni. Akiwa katikati ya umati wa watu waliongojea feri, aliuliza kwa nini hapana daraja. Hatukuwa na jibu. Nadhani safari yake ya Dundee ilianzia pale.

Alitoa simu, akampigia mama yake. Nikasogea kando nijifanye nasoma majina mnarani. Alizungumza kwa muda mrefu. Baadaye nilimwuliza mama amesema nini. "Amelia kwanza. Kisha akauliza kama nimekula."

Mtihani wa marudio ulikuwa Agosti. Aliupita, kwa alama za wastani, wala hatukumfanyia karamu. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba sasa humwendea mwalimu wake kila asipofahamu, na kwa mama yake husema kweli.

Wazazi wenzangu, aghalabu tuliokuja ugenini tumeyafanya masomo ya watoto wetu kuwa fidia ya yote tuliyoyaacha nyuma. Tunawaita injinia na daktari kabla hawajaweza kulijaza jina hilo. Mtoto akilegea mahali, huogopa kusema, akachomeka vipande vya chuma. Tuseme nao kwa namna ambayo habari mbaya itatufikia mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na atakayejenga daraja kesho atabeba amana ya roho za watu asiowajua. Kusema "hapa pamelegea" ndiyo kazi yake ya kwanza.

Niliporudi nilikaa tena upande wa visiki. Kijana alikuwa amenieleza jambo moja la mwisho tulipoagana. Daraja jipya lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1887, mihimili ya lile la kwanza iliyosalimika haikutupwa. Ilihamishiwa daraja jipya, na ingali juu yake, ikibeba magari. Nilipita juu ya mto ule nikikumbuka neno la wazee wetu, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu, na atujaalie sisi nyoyo pana za kuwasikiliza. Amin.