Vitabu Vyenye Minyororo Katika Mji wa Grantham

Msafiri atokaye London kwa garimoshi kwenda kaskazini, akisha kupita maili mia moja hivi, huona mnara wa kanisa umechongoka juu ya mapaa ya nyumba. Hapo ndipo Grantham, katika jimbo la Lincolnshire, mji wa soko tangu zamani, ambamo wakulima wa pande zile wamezoea kuuza na kununua.

Mnara huo ni wa kanisa la Mtakatifu Wulfram, na urefu wake wapita futi 280. Wageni wengi hutosheka kuutazama wakiwa chini, kisha huenda zao. Lakini lililo la thamani zaidi limo katika chumba kidogo juu ya baraza ya mlango wa kusini. Humo mna vitabu zaidi ya 300 vya kale, na kiasi cha 80 katika hivyo vingali vimefungwa kwa minyororo.

Aliyeanzisha maktaba hiyo mwaka wa 1598 ni Francis Trigge, kasisi wa kijiji cha Welbourn kilicho karibu. Alipatana na wakuu wa mji kwamba vitabu vitumiwe na makasisi pamoja na wenyeji wa Grantham na vijiji vilivyo chini yake, na makasisi wawili wa mji pamoja na mwalimu mkuu wa shule wakawekwa kuvitunza. Siku zile maktaba zilikuwa za vyuo, za makanisa makuu na za mabwana wakubwa. Hata ile mashuhuri ya Bodley katika Oxford ilikuwa haijafunguliwa. Ilifunguliwa mwaka wa 1602, tena kwa ajili ya wataalamu. Kwa hiyo wako wasemao kwamba maktaba ya umma katika Uingereza ilianzia katika chumba hiki.

Mtu aweza kucheka kusikia habari ya kitabu kutiwa mnyororo kama mbwa mkali. Lakini kitabu kilikuwa mali ya gharama kubwa, na mnyororo ule haukuwekwa ili kumzuia msomaji, bali mwizi. Ulishikizwa kwenye jalada, upande wa mbele unakofunguliwa, na ndiyo sababu vitabu vilipangwa mgongo ukielekea ukutani na kurasa zikielekea nje. Kama vingalipangwa kama tupangavyo sisi leo, minyororo ingalijisokota kila kitabu kilipotolewa.

Huyu Trigge hakuwa mtu wa vitabu tu. Katika zama zake wenye nguvu walikuwa wakizungushia ua malisho yaliyokuwa ya watu wote, wakaweka kondoo kwa sababu ya faida ya sufu, na vijiji vingine vikabaki vitupu. Mwaka wa 1604 alichapisha kitabu cha kusihi kwamba malisho hayo yarudishwe, akatoa hoja saba. Mkulima yeyote ajuaye uchungu wa kupoteza mahali pa kulishia ng'ombe atamfahamu kasisi huyu bila kufafanuliwa. Alifariki mwaka wa 1606, na nyua hazikuondolewa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mchunga kondoo wa Lincolnshire alipanda ngazi ile kwenda kusoma. Vitabu vilivyo vingi vilikuwa vya dini, tena kwa Kilatini, na watu wengi hawakujua kusoma hata Kiingereza. Mlango ulikuwa wazi, lakini ufunguo wa pili, yaani elimu, ulikuwa mikononi mwa wachache. Hatua chache kutoka kanisani ipo shule ambayo Isaac Newton aliingia mwaka wa 1655, mtoto wa shamba mwenye umri wa miaka 12. Jina lake limechongwa kwenye kizingiti cha dirisha la jengo la kale la shule hiyo, ambalo baadaye lilifanywa maktaba.

Sheria ya maktaba za umma ilipitishwa mwaka wa 1850. Iliruhusu miji mikubwa kutoza kodi ya nusu peni katika kila pauni ya thamani ya majengo, lakini fedha hizo zisinunue kitabu hata kimoja! Zilikuwa za nyumba na watumishi tu; vitabu vilitarajiwa kuwa zawadi za matajiri. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka wa 1855, na kodi ikawa peni moja.

Matunda yake yalionekana katika Grantham. Alfred Roberts, mwenye duka la vyakula, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, lakini alijielimisha kwa vitabu vya maktaba ya mji. Binti yake Margaret ndiye aliyetumwa kila Jumamosi kwenda kumchukulia vitabu. Binti huyo, kwa jina la mumewe Bibi Thatcher, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1979 hata 1990.

Lakini fedha ni fedha. Mwaka wa 2013 Halmashauri ya Lincolnshire ilitaka kupunguza gharama kwa kuziacha maktaba nyingi ndogo mikononi mwa watu wa kujitolea. Wenyeji waliandamana, kisha wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ikautangua uamuzi huo. Halmashauri ilianza upya kwa kufuata utaratibu, na hatimaye maktaba nyingi za vijijini zikakabidhiwa watu wa kujitolea. Ile ya Grantham ilibaki kuwa na watumishi wa kulipwa.