Amana Iliyobaki Ugogo



Kiangazi kilichopita tulirejea mkoani Dodoma, ambako sisi wawili, mume na mke, tulisomesha katika miaka ya 1980 kabla ya kuhamia huku Uingereza. Tulifuatana na mjukuu wetu wa miaka 11. Tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na safari iliyokuwa ikitukesha zamani haikutimia saa nne. Ijumaa tuliswali Msikiti wa Gaddafi, na kesho yake tukashika njia ya kijijini.

Tulikwenda na deni. Mwaka 1986 tulimnyang'anya mwanafunzi wetu zeze alilojitengenezea kwa kopo la mafuta ya kupikia, kwa kuwa alilipiga wakati wa somo la hesabu. Tulilifungia kabatini tukiahidi kumrudishia mwisho wa muhula. Muhula haujaisha, tukahamishwa, nalo likabaki humo. Tunafahamu kuwa masheikh wamekhitalifiana juu ya ala za nyuzi, na kila nyumba ina mwongozo wake. Ila mali ya mtu ni amana, hata ikiwa kopo.

"Mbukwenyi!" walitusalimu wenyeji. Mwanafunzi wetu hatukumkuta. Tuliambiwa alihamia Geita miaka mingi iliyopita. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja fundi, tukamwomba atutengenezee mazeze mawili: moja la kibuyu kwa ajili ya mjukuu, jingine la kopo.

Kibuyu alichochagua kilikuwa kidogo na kikavu. Alikikata mdomo, akakomba mbegu, akakipitishia fimbo ndefu hadi ncha yake ikatokeza upande wa pili. Mdomo ule aliuwamba ngozi ya mbuzi iliyolowekwa usiku kucha, kisha akaianika kivulini, kwani jua la Dodoma, alisema, huikausha ngozi kwa pupa na kuipasua. Nyuzi mbili alizichomoa katika waya wa breki ya baiskeli, akazikaza kwa vigingi, na chini yake akasimamisha kijiti ili zisilale juu ya ngozi. Uta ulikuwa ufito uliopindwa na kufungwa katani. Hapo mjukuu wetu alishika uta kwa haraka, akasugua, na pasitoke hata mlio. Mzee alicheka, akaipaka katani utomvu mkavu. Bila utomvu, katani huteleza tu juu ya waya.

Zeze tulilolijua utotoni Pwani ni jingine kabisa: kijiti chenye vituo vya kubonyezea vidole na kibuyu kisichowambwa kitu, nalo hudonolewa. Ndugu yake yuko Bukini, ambako huitwa jejy. Hili la Ugogo husuguliwa kama fidla, na ndilo marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alilolipeleka hadi majukwaa ya Ulaya. Sauti yake ni ya puani, yenye mkwaruzo, na mpigaji huimba akiifuata kana kwamba wanajibizana. Sisi tuliokuwa tukiita kelele darasani tulikaa chini ya mbuyu tukiisikiliza mpaka adhuhuri.

Mjukuu alipojaribu tena, zeze lililia kama bawaba ya mlango.

"Usiukandamize uta, mjukuu wangu," mzee alimwambia. "Mwache mbuzi alie mwenyewe."

Kazi yote ilichukua siku 3. Zeze la kopo tulilipeleka kwa kaka wa mwanafunzi wetu, tukamweleza kisa chetu na kumwomba alifikishe Geita. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipiga kidogo, akalisogeza sikioni.

"Ni zuri, walimu," alisema. "Na lile lake mnalo bado? Lile tulitengeneza naye, na kopo alinipa marehemu mama."

Tulimjibu kuwa hatunalo.