Siku Mbili Katika Mji wa Ahadi

Wengi wetu twaijua Dodoma kwa kuisikia katika taarifa ya habari. Twasikia kwamba Bunge limekutana Dodoma, au kwamba waziri amesema neno fulani Dodoma. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwenda huko pasipo semina, wala kesi, wala barua ya kikazi? Mji mkuu ni wa wananchi wote. Yafaa mtu awapeleke watoto wake wauone, na kama nyumbani yupo mzee, amchukue naye. Sisi tulikwenda watu sita kutoka Morogoro, Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, tukarudi Jumapili jioni.

Tulipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Upande wa Kilosa treni hupita katika mahandaki yaliyochimbwa milimani, na kila giza lilipoingia watoto walipiga kelele za furaha. Baadaye milima ya kijani hubaki nyuma, na nchi hugeuka kabisa. Utaona mibuyu, vichaka vya miiba, ardhi nyekundu, na majabali yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga. Hapo umeingia Ugogo. Mvua ya huko ni chache, nayo hunyesha msimu mmoja tu. Yasimuliwa kwamba jina la mji limetokana na neno la Kigogo, idodomya, maana yake amezama, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni alipokuja kunywa maji.

Kituo kipya kiko mbali kidogo na katikati ya mji, kwa hiyo weka akiba ya nauli. Ukifika mjini, anza na stesheni ya zamani. Reli ya Wajerumani ilifika hapo mwaka 1910, na mji ukakua kando yake. Kutoka hapo waweza kwenda kwa miguu mpaka Uwanja wa Nyerere, penye sanamu ya Mwalimu.

Katika uwanja huo ndipo baba yangu alipoketi, akawaita wajukuu zake. Mwaka 1973 yeye alikuwa kijana wa miaka 18, akasikia katika redio ya jirani kwamba TANU imeamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Sababu ilieleweka na kila mtu: Dodoma iko katikati, na mtu wa Kigoma asione kwamba serikali yake imekaa pwani, mbali naye. Kazi ilikusudiwa kumalizika kwa miaka 10. Miaka 10 ikapita, na 20, na 30. Baba akazoea kuuita mji huu mji wa karatasi, nasi watoto wake tukacheka pamoja naye.

Binti yangu mdogo akauliza, "Babu, kwa nini walichelewa hivyo?"

Mzee hakumficha kitu. Akamweleza kwamba bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka uleule wa 1973, kisha vikaja vita vya Kagera mwaka 1978, na hazina ikawa tupu. Nigeria waliamua kuhamia Abuja mwaka 1976, baada yetu, lakini walihamia mwaka 1991, kabla yetu. Hapa kwetu Bunge lilihamia mwaka 1996. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yote inahama, na mwaka 2023 Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa. "Neno ni jepesi, mjukuu wangu," akasema, "tofali ndilo zito. Lakini usiache kuuliza. Ahadi isiyoulizwa hulala." Tangu siku ile sijamsikia akisema tena habari za karatasi.

Bunge tulilitazama kwa nje tu, maana ilikuwa Jumamosi. Atakaye kusikia mjadala aende siku za kazi wakati wa kikao, naye aombe nafasi mapema. Kisha tulikwenda soko la Majengo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, nasi tulizikuta zimejaa vikapuni. Mama mmoja aliyetuuzia alisema wateja wameongezeka sana, lakini na kodi ya chumba chake imepanda. Nilimwelewa. Mwaka 2012 jiji hili lilikuwa na watu zaidi ya 410,000. Mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya 765,000. Maji mengi ya mji hutoka katika visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka upesi kuliko visima. Katika nyumba ya wageni tuliyolala, maji ya kuoga tuliletewa kwa ndoo. Watoto waliliona hilo pia, na ni vema waone.

Jumapili baada ya ibada tulipita mbele ya kanisa kuu la Anglikana lenye kuba, na msikiti mkubwa wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010. Mchana tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, chakula cha Wagogo wenyewe. Mwanangu mkubwa alikunja uso kwanza, kisha akaomba aongezewe.

Basi, mzazi mwenzangu, fedha za safari hii si kidogo kwa mtu wa mshahara mdogo. Sisi tuliziweka akiba kwa miezi minane. Beba chakula cha njiani, vaeni viatu vya kutembelea, chukueni na nguo nzito kwa usiku. Zaidi ya yote, waache watoto waulize. Siku moja wao ndio watakaotoa ahadi za nchi hii, na wao ndio watakaodaiwa.