Kutoka Kampi ya Moto Hadi Kampi ya Samaki

Kwanza tuondoe utata. Rongai yetu si ile ya Nairobi, ya matatu zilizochorwa nyuso za wanamuziki na muziki unaotikisa vioo vya maduka. Ile ni Ongata Rongai, iko kaunti ya Kajiado, na kwa umaarufu wake imetunyang'anya jina. Yetu ni Rongai ya Nakuru: mashamba ya mahindi, stesheni ya reli, vumbi la Januari na mlima Menengai upande wa mashariki. Binamu zetu wa jijini husema huku hakuna cha kutazama. Tumeandika haya kwa ajili yao.

Sisi ni watoto watatu. Mkubwa yuko sekondari na anapenda namba. Kila tarakimu mtakayoiona humu ni yake. Wa katikati ndiye aliyeshika kalamu. Mdogo bado anahangaika na herufi, lakini kukataa anajua, na kuna sentensi kadhaa zilizofutwa kwa amri yake.

Tulitaka Mombasa. Shule zikifungwa mwezi wa Novemba, nusu ya darasa husema inaenda Mombasa, hata wale ambao baadaye tunawakuta sokoni Nakuru wakiuza viazi na mama zao. Baba alipiga hesabu ya petroli, zaidi ya kilomita 600 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwani ziwa halina ufuo?" Mama akacheka. Tukajua Mombasa imekwisha.

Gari lilikuwa nissani ya Baba, ileile inayobeba abiria 14 kila siku kati ya Rongai na Nakuru mjini. Viti vya nyuma viling'olewa, godoro la wageni likaingia, leso za Mama zikawa mapazia. Nyuma ya kiti cha dereva zikapangwa meko ya gesi, sufuria, unga, sukuma wiki na trei ya mayai ambayo tuliambiwa tusiiguse kwa sababu ina kazi maalumu. Taabu ya kugeuza matatu kuwa chumba cha kulala ni kwamba nje inabaki matatu. Mstari wa manjano uko palepale ubavuni. Kila tulipokaribia mti wenye kivuli, watu waliinuka, wakashika mizigo yao na kutupungia. Baba aliwakatalia kwa mkono. Lakini mbele kidogo ya Mogotio alishindwa kumpita nyanya mmoja mwenye mtungi wa asali, na tukambeba mpaka Marigat akiwa ameketi juu ya godoro letu, miguu ameinyoosha, akituhoji tunasoma darasa la ngapi na kama tunajua kukama. Mdogo, ambaye alikuwa amejiajiri kuwa makanga, alimdai nauli. Nyanya akamwambia aonje asali kwanza, mambo ya nauli yatazungumzwa baadaye. Hayakuzungumzwa tena.

Lakini tumekwenda mbele mno. Safari ilianza kwa Kampi ya Moto, ambayo bado ni Rongai, chini ya mgongo wa Menengai. Sisi tunaokaa upande huu huuona mlima kwa nje tu, na kwa nje hauna makuu. Ndani yake ni shimo la volkano lenye urefu wa kilomita 12 na upana wa 8, kuta zake zikishuka karibu mita 500, na tangu 2011 watu wamekuwa wakichimba visima humo ili mvuke wa chini ya ardhi uzalishe umeme. Mkubwa anashikilia kwamba huwezi kuielewa sehemu nyingine yote ya safari bila kukumbuka kwamba tangu mwanzo tulikuwa tukiendesha gari juu ya jiko lililowashwa. Kwa mara moja, Mdogo hakupinga.

Baada ya Kampi ya Moto mahindi yanapungua na mkonge unaanza, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka kuifuata. Mogotio ndipo ikweta inapokatiza barabara. Hapo tulisimama kila mtu na mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, jambo ambalo halina faida yoyote na ambalo hakuna aliyekubali kulikosa, Mama akiwemo. Ikweta hiyohiyo hupita Nanyuki na Maseno, lakini Rongai iko kama kilomita 20 tu kusini yake, na kumbe tumeishi miaka yote jirani na mstari huo bila kwenda kuusalimia.

Kisha barabara ikaanza kushuka. Rongai iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900. Maziwa tuliyokuwa tukiyafuata, Bogoria na Baringo, yako karibu mita 1,000. Hiyo ndiyo sababu tulitoka nyumbani na sweta na kufika Marigat na fulana. Hewa ilikauka, udongo ukawa mwekundu, mbuzi wakaongezeka na nyumba zikapungua. Kando ya barabara palikuwa na chupa za asali juu ya meza za miti, nyingine nyekundu, nyingine karibu nyeusi, bila muuzaji anayeonekana mpaka usimame.

Nyanya wa asali ndiye aliyetuonyesha mti wa mathenge. Uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili uzuie jangwa, akasema, na ukalizuia kweli, ila ukazuia na kila kitu kingine: malisho, mashamba, vijia vya kwenda mtoni. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, na sukari yake huwaharibu meno mpaka yanang'oka. Ilchamus, watu wa eneo hilo, waliishtaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo hadi Mahakama Kuu jijini Nairobi awe ushahidi. Tulidhani anatutania. Mama alithibitisha kwamba anaikumbuka habari hiyo. Kwa maoni yetu mbuzi huyo angestahili sanamu pale Marigat mjini. Marigat yenyewe hatukukaa sana, zaidi ya kununua matikiti kutoka mashamba ya Perkerra, mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Mau Mau. Tikiti lilikuwa tamu. Baba alitwambia tulile tukijua hivyo.

Ziwa Bogoria hulinusa kabla hujaliona. Harufu ya kiberiti iliingia dirishani, na Mdogo akatangaza kwamba mayai yetu yameoza. Hayakuwa yameoza. Kule Loburu, ufuoni, ardhi imetoboka na maji yanarushwa juu yakichemka, mvuke unatanda, na ndipo tulipoelezwa kazi maalumu ya trei. Unaweka mayai kwenye kikapu cha waya, unakifunga kwenye fimbo ndefu, unakitumbukiza. Mlinzi wa hifadhi alituonya tusiondoke kwenye njia, maana pembeni ukoko wa ardhi ni mwembamba na chini yake si mahali pa mguu wa mtu. Mkubwa alieleza, bila kuulizwa, kwamba kwa mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yai linataka subira kidogo. Tulikula tukiwa tumesimama, tukichovya mayai kwenye chumvi iliyokuwa kiganjani mwa Mama. Hakuna hoteli Mombasa inayopika hivyo.

Kisha wale ndege. Tumeona flamingo kwenye picha na kwenye kuta za Nakuru mjini, na Ziwa Nakuru lilikuwa kwao miaka mingi, kabla maji yake hayajajaa na kupungua magadi. Lakini kuwaona ufuo mzima umekuwa wa waridi, wote wameinamisha vichwa juu chini wakichuja maji, wakisema jambo lile lile kwa sauti moja ya chini isiyokoma, ni jambo jingine. Rangi yao hutokana na chakula: mwani wa kijani unaoota katika maji ya magadi ya ziwa hili, ambayo samaki hawawezi kuishi ndani yake. Hapa wanakula tu. Wakitaka kutaga wanakwenda Ziwa Natron, Tanzania. Ng'ambo ya maji unasimama ukuta wa Siracho, na Baba alimwona tandala mkubwa kwenye kichaka, pembe zimejisokota. Sisi tulimwona mkia.

Bogoria lina historia ambayo vibao vya getini haviisemi yote. Wazungu waliliita Hannington, kwa jina la askofu aliyelifikia mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huohuo. Waendorois, wenye ziwa, waliondolewa kwenye ardhi yao miaka ya 1970 ili ipatikane hifadhi. Walikwenda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka 2010 uamuzi wake ulitangazwa: Kenya ilikuwa imewakosea. Mwaka uliofuata UNESCO ililiingiza Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika urithi wa dunia. Mlinzi aliyetusimulia alisema urithi wa dunia ni sawa, lakini dunia haikuwazika babu zake hapa. Hatukujua la kumjibu. Tunaliandika kama alivyolisema.

Usiku ulitukuta Kampi ya Samaki, ufuoni mwa Ziwa Baringo. Hapa maji hayana chumvi, yana rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo wa mito, na yamesogea. Tangu miaka ya 2010 ziwa limepanda likameza mashamba, barabara, hoteli na madarasa. Tuliona nguzo za stima zimesimama ndani ya maji, na paa ambalo ndege walikuwa wakilitumia kama gati. Mwenye boma aliyeturuhusu kuegesha alionyesha kidole katikati ya maji na kusema, "Ile ilikuwa shamba letu la mahindi." Alisema bila kulalamika.

Tulikuwa tumelala sote watano kwenye godoro moja, kichwa cha huyu na miguu ya yule, ndipo viboko wakatoka majini kuja kula nyasi. Kiboko akila usiku karibu na dirisha ni kama mtu anayerarua zulia kuukuu kwa meno, bila haraka. Mama alisema tusipumue. Mdogo aliuliza kama kiboko anajua kwamba hii ni matatu. Baba, ambaye barabarani haogopi lori wala polisi, alishikilia mpini wa mlango mpaka alfajiri, na hilo ni moja ya mambo ambayo tungetaka kuyaeleza zaidi lakini tumekatazwa.

Asubuhi tulipanda boti. Mzee wa boti alipiga mluzi, akarusha samaki aliyemchomeka kipande cha mti mwepesi ili aelee, na furukombe akashuka kutoka juu ya mwamba, akamchukua mbele ya pua zetu. Tuliwapita wavuvi wa Ilchamus katika vyombo vyao vidogo vya vijiti vya mti wa ambachi, wamekaa nusu majini, wakipiga makasia ya mkononi, mamba wakiwa jirani. Tulizunguka kisiwa cha Ol Kokwa, ambako nako maji ya moto hububujika. Mzee akatuonyesha Longicharo, palikokuwa na twiga. Waliletwa pale mwaka 2011, palipokuwa rasi. Ziwa likapanda, rasi ikawa kisiwa, chakula kikapungua. Basi kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga 9 walivushwa mmojammoja juu ya jahazi la chuma lililoeleshwa kwa mapipa matupu, hadi hifadhi ya Ruko nchi kavu, inayoendeshwa na Wapokot na Ilchamus pamoja, jamii ambazo zamani zilikuwa zikiibiana ng'ombe. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo na amfikirie twiga ndani ya boti.

Kurudi tulipitia Kabarnet, juu ya milima ya Tugen, ambako mwaka 2000 yalifukuliwa mabaki ya kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Kutoka Kabarnet tulishuka kupitia Tenges na Eldama Ravine. Njiani ni Sacho, alikozaliwa Rais Moi. Alizikwa Februari 2020 Kabarak, ambako ni Rongai kwetu. Safari iliyomchukua yeye miaka 95 sisi tuliimaliza kabla ya chakula cha mchana, tena tulisimama kununua maparachichi.

Kwa hiyo, mzazi unayesoma haya ukiwa Rongai, Njoro, Molo au Salgaa: Mombasa haiendi popote. Bogoria na Baringo wapeleke watoto mwaka huu, maana ufuo wa maziwa hayo haukai mahali pamoja. Toka alfajiri, uliza Marigat kuhusu barabara na usalama wa kule mbele, beba maji ya kunywa, patana bei na mwenye boti kabla ya kupanda, na watoto wasiogee ziwani hata wakilia. Mayai nunua Rongai. Marigat ni ghali.