Diski Inapokataa Kuandika

Katika shule za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa, alama na maandalio ya masomo siku hizi hutunzwa pia katika diski ya nje. Hutukia kompyuta ikatangaza kwamba haiwezi kuiandikia. Sisi tuliofundisha huko tumeona haraka ikidhuru kuliko ubovu wenyewe: diski hufomatiwa papo hapo, na kazi ya mwaka mzima hupotea.

Yatupasa kwanza kunakili mahali pengine kila kinachosomeka bado. Ndipo tutafute chanzo, tukibadili jambo moja tu kila mara: waya, kisha tundu, kisha kompyuta yenyewe. Kosa likiisha tulipobadili waya, ubovu ulikuwa wa waya. Likiifuata diski kila iendako, tuichunguze diski: je, imejaa? Tena, diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 hukataa faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele, ilhali faili ndogo huzipokea. Ikigongagonga ndani, tuizime. Hakuna programu iponyayo chuma kilichovunjika.

Ndugu walimu, mtoto anayekosea imla naye astahili uchunguzi huu. Kabla ya kumwita mzito, tumsogeze karibu na msomaji. Siku nyingine tusome polepole. Siku nyingine anakili kutoka ubaoni. Huenda tatizo ni sikio, au jicho. Abadiliye yote kwa pamoja hatajua kilichomsaidia mtoto.