Uzi wa Shanga 124: Kufundisha Protini kwa Njia ya Majaribio

Kwa sisi tunaofundisha sayansi, protini ni somo jepesi kukaririwa na gumu kueleweka. Mwanafunzi husema pasipo kusita kwamba protini hujenga mwili. Lakini akiulizwa wataalamu wamejuaje mambo yake, hunyamaza. Tumeona kwamba ukimya huo huvunjika tunaposimulia kazi ya mtaalamu mmoja hatua kwa hatua. Tunayempendelea ni Christian Anfinsen.

Anfinsen alizaliwa Marekani mwaka 1916, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1943, na tangu mwaka 1950 akafanya utafiti katika Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda. Alijua kuwa protini ni mnyororo wa asidi amino, na kwamba mnyororo huo usipojikunja katika umbo lake maalumu haufanyi kazi. Swali lake lilikuwa hili: ni nini kinachouelekeza mnyororo ujikunje hivyo?

Alichagua ribonuklesi, kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe. Kina asidi amino 124, na mkunjo wake hushikiliwa na vifungo 4 vya salfa. Darasani sisi hutunga shanga 124 katika uzi, 8 kati yake zikiwa nyekundu, kisha twauliza: shanga nyekundu zaweza kufungwa mbili mbili kwa namna ngapi? Wanafunzi hulifikia jibu wenyewe: 7 × 5 × 3 × 1, yaani namna 105. Katika hizo, ni moja tu iliyo ya kimeng'enya halisi.

Anfinsen na wenzake walikitia kimeng'enya katika urea pamoja na kemikali inayokata vifungo vya salfa. Mnyororo ukafunguka, kazi yake ikakoma. Walipoviondoa vyote viwili na kuacha hewa ifanye kazi yake, mnyororo ukajikunja wenyewe, na nguvu ya kimeng'enya ikarejea karibu yote.

Hapo hatuharakishi kutoa hitimisho, kwani jaribio la pili ndilo lenye uzito. Safari hii vifungo viliachwa vijifunge upya urea ikiwa bado imo. Kabla ya kutaja matokeo, kila mwanafunzi huandika anachotazamia na sababu yake. Matokeo yalikuwa nguvu ya karibu asilimia 1 tu: vifungo vilijifunga ovyo. Kisha urea ilipoondolewa na kemikali ile ikarudishwa kidogo, vifungo vya makosa vililegea, vya sawa vikafungwa, na nguvu ikarudi. Kumbe mpangilio wa asidi amino wenyewe ndio unaobeba maelekezo ya umbo. Kwa kazi hiyo Anfinsen alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Aghalabu hutokea mwanafunzi akapinga: mbona yai lililochemshwa likipoa haliwi bichi tena? Pingamizi hilo tunalithamini kuliko jibu lolote lililokaririwa. Katika ute wa yai protini zimesongamana. Joto likizifungua, hunasana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijajikunja. Anfinsen alitumia mmumunyo mwepesi. Hata ndani ya seli zimo protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzuia mnaso huo. Hivyo mwanafunzi hujifunza kanuni pamoja na mipaka yake.

Anfinsen alifariki mwaka 1995. Mwaka 2020 programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold ilionyesha uwezo mkubwa wa kubashiri umbo la protini kutokana na mpangilio wake, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Majibu sasa yapatikana upesi. Kwa sababu hiyohiyo, walimu wenzetu, hatuna budi kuwazoeza vijana kuuliza jibu limepatikanaje, na ni jaribio gani ambalo lingeweza kulikanusha.