Sindano Ichaguliwe na Santuri

Sisi wa Kagera, upande huu wa magharibi ya Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba mjini mpaka Kimwani kule kusini ya Muleba, tuliupokea muziki wa santuri bila mtu kutuuliza tunapenda sindano ya namna gani. Gramafoni ya kuzungusha hendeli ilikuja na vikopo vya sindano za chuma, na zile sindano zilitengenezwa ili ziishe. Santuri za kasi ya 78, kama zile alizokwenda kurekodi mwimbaji Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilichanganywa unga mgumu wa mawe makusudi, ili mfereji uisage ncha ya sindano mpaka ifanane nao. Baada ya upande mmoja au miwili sindano ilipaswa kutupwa. Aliyebana matumizi akairudia mara kumi, alikuwa anaichimba santuri yake mwenyewe. Hata hivyo nafasi ya kuchagua ilikuwapo: sindano nene ilitoa sauti kubwa, nyembamba ikatoa sauti ya chini na laini. Mwenye ngoma ya wageni uani alitaka ile nene. Mwenye kusikiliza maneno ya mwimbaji alichukua nyembamba. Kwa hiyo hoja ya kuichagua sindano kwa kufuata usikilizaji ni ya zamani, haikuletwa na wauzaji wa leo.

Mabadiliko makubwa yalitokana na mfereji wenyewe. Santuri ndefu ya kasi ya 33 ilitoka Marekani mwaka 1948, na ile ndogo ya 45 ikafuata mwaka 1949, zote zikiwa na mifereji myembamba mno kwa sindano ya kale. Ncha ya 78 ina nusu kipenyo cha takribani mikroni 75. Hizi mpya zilitaka 25 au pungufu. Ndipo zikaja katriji za fuwele za chumvi (katriji ni kifaa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), zenye kijisindano cha kugeuza: upande mmoja kwa 78, upande wa pili kwa santuri mpya. Zilikuwa na faida kubwa kwa vijiji visivyo na umeme, kwa sababu zilitoa umeme wa kutosha kuendesha amplifaya ndogo ya betri bila kifaa kingine cha katikati. Lakini ile chumvi hunyonya unyevu na huharibiwa na joto, na Bukoba hunyeshewa takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sauti ilififia taratibu mpaka watu wakadhani santuri ndiyo imechoka. Katriji za seramiki zilizofuata zilistahimili hali hiyo vizuri zaidi, ila nazo zilikuwa nzito, na sindano iliporuka, dawa iliyozoeleka ilikuwa kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono unaoshika katriji. Sarafu ile iliongeza gramu kadhaa juu ya uzito ambao tayari ulikuwa mkubwa, na kila wimbo ulipochezwa kuta za mfereji zilizidi kulika.

Nayasimulia haya kwa sababu santuri tulizorithi zimepitia mikono hiyo. Kabati la kawaida la mpenzi wa muziki Kagera lina single za 45 zilizochapwa Nairobi: rumba ya Kongo, benga, na bendi za Tanzania, nyingi zikiwa mono, wimbo mmoja ukikatwa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Katika santuri ya mono muziki wote umechongwa kwa mwendo wa kushoto na kulia. Katriji ya stereo husoma pia mwendo wa juu na chini, na katika santuri hiyo huko juu na chini hakuna muziki hata chembe. Kuna vumbi, mikwaruzo na mtikisiko wa mashine. Ukiweka katriji ya mono, au ukabonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, zile kelele hupungua papo hapo na sauti ya mwimbaji husimama mbele. Kwa santuri hizi naona ncha ya duara ndiyo inayofaa kuanzia, wala si kwa sababu ni ya bei nafuu. Inavumilia mfereji uliolika, na haidai mkono uliopimwa kwa usahihi mkubwa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema ncha ya duaradufu, au zile nyembamba zaidi ya hapo, hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuifikia, hivyo huweza kuokoa santuri iliyochoka. Ni kweli, hutokea. Lakini ncha hiyo hiyo huweza kukutana na vumbi jekundu lililoganda ndani ya mfereji, ikalisoma kwa ufasaha uleule inaousomea muziki. Jibu hupatikana kwa kujaribu, na siku hizi kujaribu si gharama ya kutisha: mfululizo wa katriji za VM95 wa kampuni ya Audio-Technica, kwa mfano, una mwili mmoja unaopokea sindano ya duara, ya duaradufu, za nyembamba zaidi, na hata ya 78. Wengine husema ladha ya msikilizaji ndiyo mwamuzi. Naikubali ladha, ila naipa zamu ya pili. Anayependa enanga, ala ya uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu ya ubao uliochongwa, anataka kusikia uzi unavyofifia baada ya kudonolewa. Akipata santuri safi ya stereo ya muziki wa namna hiyo, ncha nyembamba itamlipa kila shilingi. Akiitumia kwenye single ya rumba iliyochezwa chini ya sarafu kwa miaka, atalipia kelele.

Pingamizi la mwisho ni kwamba santuri imekwisha, kila kitu kimo kwenye simu. Si kila kitu. Kuna single za Nairobi ambazo hazijawahi kutolewa upya, na anayezihamishia kwenye kompyuta kwa sindano isiyofaa anaacha kelele hizo ndani ya nakala itakayobaki baada ya santuri kuvunjika. Basi kabla ya kununua katriji, toa santuri zako mezani, tenga mono na stereo, 78 na 45, uone zipi ni nyingi. Kama nyingi ni za 45 za mono, chukua ncha ya duara, iwekee gramu 2 au 3 kama mtengenezaji alivyoelekeza, na fedha itakayobaki itumie kuzisafisha santuri zenyewe.